Sinema Si Shahidi Mwaminifu wa Injini

Yasemwa, na aghalabu husemwa kwa kicheko, kwamba kuitambua injini ya mvuke ipitayo katika sinema ni pumbao la watoto na wastaafu. Na kwamba kuiunda upya kwa bati na shaba, ndogo ya kutosha kukaa juu ya meza, ni pumbao juu ya pumbao. Wasemao hivyo wamo hata katika vyuo vyetu. Kwao injini ni moshi, mlio na magurudumu; moja yatosha kusimama badala ya zote, na akitokea mtu akauliza injini hii ni ipi, iliundwa wapi, mwaka gani, na ni nani aliyeivika dohani isiyo yake, humtazama kama wamtazamavyo mtu ahesabuye nyuzi za kanzu ya bwana harusi. Nataka kubishana na hao. Nataka vile vile kubishana na kundi la pili, ambalo nalipenda zaidi na kwa hiyo nitalisema kwa ukali zaidi: waundaji wa mifano wenyewe, wale ambao huisimamisha filamu, wakanakili walionalo, kisha wakaandika chini ya kazi yao kwamba hii ni injini ya Ireland ya zama fulani. Kundi la kwanza halijali kweli. La pili laipenda kweli, lakini laizika kwa mikono yake.

Nimeichagua Ireland kuwa uwanja wa ubishi huu kwa kuwa huko uongo umepita pande zote mbili: injini za Ireland zimevishwa joho la Uingereza, na injini ya Uingereza imevishwa joho la Ireland. Tena ni nchi yenye alama ambayo mwongo hawezi kuificha kwa urahisi. Reli zake kuu hazikutandikwa kwa upana wa milimita 1435 utumikao Uingereza na katika sehemu kubwa ya Ulaya, bali kwa milimita 1600, yaani futi 5 na inchi 3. Upana huo ulithibitishwa kwa sheria ya mwaka 1846, baada ya makampuni ya mwanzo kuanza kila moja kwa kipimo chake. Njia ya kwanza kabisa, ya Dublin hadi Kingstown, iliyofunguliwa mwaka 1834, ilifuata upana wa Kiingereza. Reli ya Ulster ilianza kwa futi 6 na inchi 2. Na ilipodhihirika kwamba gari litokalo kaskazini lisingeweza kamwe kuingia kusini bila kubadilishwa magurudumu, ndipo serikali ilipokata shauri. Nje ya Ireland upana huu waonekana katika nchi chache tu, mathalani Brazil, na Australia katika majimbo ya Victoria na Australia Kusini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika mambo ya reli, njia ya mwongo hujulikana kwa upana.

Na tuanze na uongo ulio maarufu. Mwaka 1978 Michael Crichton alipiga nchini Ireland filamu ya The First Great Train Robbery, iliyotokana na riwaya yake ya mwaka 1975, ambayo nayo ilitokana na wizi wa kweli wa dhahabu uliotokea mwezi wa Mei mwaka 1855, katika gari litokalo London kwenda Folkestone. Sean Connery atembea juu ya mapaa ya mabehewa, moshi wampiga usoni, na mtazamaji aamini kwamba yumo kusini mwa Uingereza katika enzi ya Malkia Viktoria. Hayumo. Stesheni ya London Bridge aionayo ni stesheni ya Heuston, Dublin. Mashamba yapitayo kando ni ya wilaya ya Westmeath, katika njia ya Mullingar hadi Athlone, ambayo magari yaliacha kuitumia mwaka 1987. Na injini iivutayo dhahabu hiyo ni Namba 184, iliyoundwa katika karakana za Inchicore, Dublin, mwaka 1880. Yaani miaka 25 baada ya wizi wenyewe.

Namba 184 ni ya daraja la 101 la Reli ya Great Southern and Western, ambalo baadaye liliitwa J15, na usanifu wake wahesabiwa kuwa wa Alexander McDonnell. Kati ya mwaka 1866 na 1903 ziliundwa injini 111 za daraja hilo, na hapana aina nyingine ya injini ya mvuke iliyofikia wingi huo nchini Ireland. Hazikuwa injini za fahari. Ziliundwa kwa ajili ya mizigo, zikapelekwa kila palipokuwa na kazi, zikavuta ng'ombe wa mnada na abiria wa njia za mashambani, zikazeeka bila kustaafu, hata mvuke ulipokoma katika reli za CIÉ mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo zimebaki mbili tu: hiyo 184, na ndugu yake 186, iliyoundwa na Sharp Stewart mjini Manchester mwaka 1879. Zote mbili ziko mikononi mwa chama cha Railway Preservation Society of Ireland, kilichoundwa mwaka 1964. Mbili katika 111! Anayedhani kwamba si kitu kukosea jina la moja ya hizo mbili, na ajiulize angesema nini iwapo katika mashairi 111 ya mtunzi mmoja yangebaki mawili, na mtu akalichukua moja akaliandikia jina la mtunzi mwingine, wa nchi nyingine, wa kizazi kilichotangulia.

Kwa ajili ya filamu ile 184 ilivuliwa kibanda cha dereva, ikapambwa ipate sura ya ukale usio wake. Hapa ndipo elimu ya utambuzi inapoanza, nayo si elimu ya macho makali peke yake. Mwanafunzi wa tenzi zetu za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ataielewa mara moja. Apatapo mswada, hatosheki na jina lililoandikwa juu ya ukurasa wa kwanza, maana jina hilo laweza kuwa limetiwa na mwenye mswada na wala si na mtunzi. Wala hatosheki na lahaja ya neno moja moja, maana mnakili wa Mombasa huweza kuyabadili maneno ya Lamu bila kujua kwamba ameyabadili. Hutafuta yale ambayo mnakili hakuweza kuyagusa bila kuubomoa utenzi wote: mizani, vina, mpango wa beti. Injini nayo ina vina vyake. Dohani huondolewa kwa siku moja, kibanda hukatwa, rangi, namba na jina ni kazi ya brashi. Lakini idadi ya magurudumu, nafasi iliyo kati yao, umbo la fremu, na upana wa njia injini isimamapo, hayo hayabadilishwi na fundi wa sinema, kwa kuwa gharama yake ni sawa na kuunda injini mpya.

Basi itazame tena 184 katika filamu ile, na uache kumtazama Connery kwa dakika moja. Utaona magurudumu sita makubwa yaliyounganishwa kwa vyuma, matatu kila upande, na hapana gurudumu dogo mbele wala nyuma. Silinda hazionekani nje, kwa kuwa zimo ndani ya fremu. Huo ni mpango wa injini ya mizigo. Injini zilizovuta abiria wa haraka nchini Uingereza katika mwongo wa 1850 aghalabu zilikuwa na jozi moja tu ya magurudumu makubwa ya kuvuta. Tena linganisha kimo cha gurudumu na upana wa njia. Gurudumu la J15 lina kimo cha kama sentimita 157, na njia ya Ireland ina sentimita 160, kwa hiyo vitu hivyo viwili ni karibu sawa. Gurudumu hilo hilo juu ya njia ya Kiingereza lingeupita upana wa njia kwa zaidi ya sentimita 13. Mwenye picha nzuri iliyopigwa kwa mshazari, na mwenye subira ya kurekebisha tofauti ya karibu na mbali, aweza kuupata ushahidi huo kwa rula na penseli. Na atakayetaka kuitenga 184 na ndugu yake 186 hana haja ya kusoma namba: 186 ilipewa boila jipya lenye tanuri la mtindo wa Belpaire, ambalo mabega yake yana pembe kama sanduku, ilhali 184 imebaki na boila la mgongo wa mviringo kama lile la usanifu wa asili. Tofauti hiyo yaonekana hata katika picha iliyofifia.

Sasa tuugeukie uongo wa upande wa pili, ambao wenyeji wa Ireland wana haki ya kuucheka kuliko sisi sote. Mwaka 1937 ilitoka filamu ya kuchekesha iitwayo Oh, Mr Porter!, iliyoongozwa na Marcel Varnel, ambamo Will Hay ni mkuu wa stesheni ya Buggleskelly, kijiji cha kubuniwa katika Ireland ya Kaskazini, karibu na mpaka. Humo mna injini kongwe iitwayo Gladstone, yenye dohani ndefu iliyovishwa taji la miiba, nayo imependwa na vizazi vya watazamaji kuliko waigizaji wengi. Waundaji wa mifano wameiunda mara nyingi. Walakini Buggleskelly ni stesheni ya Cliddesden, katika wilaya ya Hampshire, kusini mwa Uingereza, kwenye njia ya Basingstoke hadi Alton iliyokuwa imekwisha kufungwa wakati huo, na ambayo vyuma vyake viling'olewa muda mfupi baada ya filamu kupigwa. Na Gladstone ni Northiam, injini ndogo ya Reli ya Kent and East Sussex, iliyoundwa na Hawthorn Leslie mwaka 1899. Haikupata kukanyaga ardhi ya Ireland, wala isingeweza: magurudumu yake yangetumbukia katikati ya njia.

Jina nalo ni mtego. Injini ya kweli iitwayo Gladstone ipo. Iliundwa Brighton mwaka 1882, Namba 214, kazi ya William Stroudley, na leo imo katika Jumba la Makumbusho ya Reli ya Taifa mjini York. Ni kubwa, ni nzuri, na haifanani na Northiam hata kidogo. Kwa hiyo msomaji mvivu, asomaye jina ubavuni mwa injini na kwenda nalo katika orodha, atarudi na injini isiyo ile, ya nchi isiyo ile, na kwa cheti kamili. Ndiyo maana nasema jina ni ushahidi wa mwisho katika kazi hii, na si wa kwanza. Isipokuwa pale jina lenyewe lilipoundwa pamoja na injini, kama zile tatu kubwa zilizotoka Inchicore mwaka 1939 na 1940, Namba 800, 801 na 802, zilizopewa majina ya wanawake wakuu wa hadithi za kale za Ireland, Maedhbh, Macha na Tailte, kwa herufi za Kiairishi cha kale. Herufi zile ni sehemu ya injini kama boila lilivyo sehemu yake. Nimeona mifano ya 800 iliyoandikwa jina hilo kwa maendelezo ya Kiingereza, na sikuweza kuitazama zaidi. Ni kama kumwona mtu ameuandika upya mlango wa Lamu kwa rangi ya dukani.

Nitajibiwa kwamba filamu ni sanaa, na sanaa ina ruhusa yake. Nakubali, tena bila kinyongo. Sina ugomvi na Crichton wala na Varnel. Mtunzi wa kisa hachukui kiapo. John Ford alipopiga The Quiet Man mwaka 1951, aliichukua stesheni ya Ballyglunin, katika wilaya ya Galway, kwenye njia ya Athenry hadi Tuam iliyofunguliwa mwaka 1860, akaiita Castletown, kwa kuwa kisa chake kilihitaji Castletown. Haki yake. Hatia huanza kwa yule ajaye baadaye na kuitafuta Castletown katika ramani ya reli. Naye ataipata kweli, maana stesheni ya jina hilo ilikuwapo, lakini katika Westmeath, kwenye njia ile ile ya Mullingar hadi Athlone, mbali na mahali aliposhukia mgeni wa Ford. Sinema ilisema jina la uongo kwa mapenzi ya hadithi. Yeye amelifanya kuwa jiografia.

Wala sisemi kwamba filamu itupwe. Kuna mambo ambayo lau si filamu tusingeyaona yakienda. Mwaka 1957 Ford huyo huyo alitoa The Rising of the Moon, na sehemu yake moja, kisa cha gari linalongoja dakika moja ikawa nyingi, ilipigwa katika stesheni ya Kilkee ya Reli ya West Clare, iliyokuwa na njia nyembamba ya futi 3 tu. Reli hiyo ilifungwa mwaka 1961, na vyuma vikaondoka. Ukiwa na picha hiyo waweza kuiona njia nyembamba ya Clare ikiwa hai, na jukwaa lake likiwa na watu. Lakini hata hapo shahidi ahojiwe: kampuni ilikuwa imekwisha kuleta magari ya dizeli mwaka 1952 na injini za dizeli mwaka 1955, kwa hiyo moshi uonao haukuwa tena moshi wa kila siku wa Kilkee. Uliwashwa kwa ajili ya kamera. Mwenye kuunda mfano wa West Clare ya mwaka 1956 na kuujaza mvuke kwa sababu ameuona katika filamu, ameiunda siku moja ya wageni na kuiita maisha ya wenyeji.

Na wale wa kundi la kwanza, wenye kicheko, huuliza: haya yatuhusu nini sisi wa pwani ya Afrika Mashariki? Ningeweza kuwajibu kwa chuma: kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, ambacho kiliunda baadhi ya injini za daraja hilo la 101, ndicho kilichotuletea mwaka 1955 na 1956 zile injini 34 za Garratt za daraja la 59, zilizopewa majina ya milima yetu, na moja yake, Mount Gelai, imesimama katika makumbusho ya reli Nairobi. Lakini nitawajibu kwa simba. John Henry Patterson, mhandisi wa daraja la Tsavo mwaka 1898, alizaliwa Ireland mwaka 1867. Kisa chake na simba wala watu kilifanywa filamu mwaka 1996, The Ghost and the Darkness, na sehemu kubwa yake ilipigwa Afrika Kusini. Simba wa filamu ile wana manyoya mengi ya shingo. Simba wa Tsavo waliouawa na Patterson walikuwa madume yasiyo na manyoya hayo, na ngozi zao zilizojazwa zimo katika Field Museum, Chicago, kwa kila mwenye macho. Hata hivyo waulize wanafunzi wako simba wa Tsavo walikuwaje. Wengi watakuchorea manyoya. Manyoya yale ni dohani ya miiba ya Northiam. Yametiwa na fundi wa sinema ili simba aonekane simba zaidi, nayo yameingia katika vichwa vya watu waliozaliwa umbali wa siku moja kutoka Tsavo. Anayecheka kutambua injini na aniambie ni kwa ustadi gani mwingine atayaondoa.

Sasa nawageukia waundaji. Usione vyaelea, vimeundwa. Nami nawaheshimu waliounda. Mfano mdogo wa injini huchukua miezi, na aghalabu miaka, na aliyekata bati kwa msumeno wenye meno kama mchanga ana haki ya kuombwa maoni kabla ya mhadhiri. Lakini mkono una nguvu ambayo kivuli cha sinema hakina. Filamu hupita, mfano hukaa katika kabati la kioo, mtoto huuzunguka, huupima kwa macho, na huamini kwamba kitu chenye pande zote hakiwezi kusema uongo. Kwa hiyo uongo wa mfano ni mzito kuliko uongo wa filamu, na muundaji anayenakili sinema huupa mwili uongo uliokuwa na kivuli tu.

Tena ana mtego wake wa pekee, nao ni ule ule wa upana. Waundaji wengi wa Uingereza na Ireland hutumia kipimo cha milimita 4 kwa futi moja. Kwa kipimo hicho, njia ya Ireland ni milimita 21 barabara. Lakini njia iuzwayo madukani, ambayo injini nyingi zilizo tayari huundwa kwa ajili yake, ina milimita 16.5, ambazo kwa kipimo hicho ni futi 4 na inchi moja na nusu. Upana usiokuwa wa Ireland wala wa Uingereza. Mwingereza aitumiapo hupoteza kama sehemu moja ya nane ya upana wa njia yake, na hilo huweza kusameheka. Mwenye injini ya Ireland hupoteza zaidi ya sehemu moja ya tano. J15 juu ya njia ile huonekana kama mtu mnene aliyevaa viatu vya mtoto: boila kubwa, mabega mapana, na nyayo zilizobanana chini ya tumbo. Alama ile ile iliyotusaidia kumfichua mwongo katika filamu, ndiyo ya kwanza kufutwa katika mfano.

Wapo wanaotandika njia ya milimita 21 kwa mikono yao, kipande kwa kipande, na kila gurudumu likatengezwa upya. Hao sina neno nao ila shukrani. Wapo wasio na fedha, au nafasi, au macho ya kazi hiyo, wakaitumia njia ya dukani na kusema waziwazi kwamba wameitumia. Nao sina neno nao. Neno langu ni kwa yule asemaye kwamba haidhuru, kwa sababu mtazamaji hatajua. Hiyo si hoja ya fundi, ni hoja ya mwuza maziwa aliyetia maji. Cyril Fry, aliyekuwa mchoraji wa michoro ya ufundi huko Inchicore, aliziunda injini na mabehewa ya Ireland kwa miaka mingi, na kazi yake leo yaonekana Malahide, karibu na Dublin. Alikuwa karibu na michoro ya karakana na chuma chenyewe. Si kila mtu aweza kukaa Inchicore. Lakini kila mtu aweza kutanguliza mchoro, kisha picha ya kawaida iliyopigwa na mpita njia, na kuiacha filamu iwe ya tatu, kama shahidi mwenye jamaa katika kesi.

Tena sisemi kwamba 184 ya sinema, isiyo na kibanda, isiundwe. Iundwe, kwa kuwa hiyo nayo ilikuwa kweli kwa majuma kadhaa ya mwaka 1978. Watu waliiendesha hivyo, wakalowa mvua hivyo. Ninachodai ni kibao chake tu. Kiseme: Namba 184, Inchicore, 1880, daraja la 101, njia ya milimita 1600, kama ilivyopambwa kwa ajili ya filamu. Maneno hayo yaenea katika kipande cha shaba kisichozidi kidole, na mtoto ayasomaye atajua mambo mawili badala ya moja, kwamba injini ni hii, na kwamba kuna mtu aliyeivika.

Northiam haina bahati ya 184. Ilivunjwa mwaka 1941, na kwa watu wengi uso wake wa pekee ni ule wa Buggleskelly. Atakaye kuiunda, na aanze kwa kuiondoa ile dohani ya miiba. Airudishie kibanda chake kilichoondolewa, aiandike jina lake, aiweke juu ya njia ya Kiingereza iliyo yake. Kisha, akipenda, aunde ya pili na kuiita Gladstone, aisimamishe kando ya ile ya kwanza, na kati yao aache nafasi ya kutosha mtazamaji kusimama na kuuliza.